Namna ya Kutuliza Kelele za Magurudumu ya Pipa la Taka

Katika mitaa iliyobanana ya Dar es Salaam kama ya Sinza, Tabata na Mwananyamala, ambako dirisha la jirani liko hatua chache tu kutoka kwenye geti lako, pipa la taka linalokokotwa juu ya pevingi alfajiri ili kuwahi gari la taka huwaamsha watu wa nyumba kadhaa, wakiwamo watoto wachanga, wagonjwa na walinzi waliotoka lindo usiku huohuo. Kelele hiyo unaweza kuipunguza sana mwenyewe, kwa vifaa vya bei ndogo, mradi ujue chanzo chake kabla ya kushika kopo la mafuta.

Ondoa taka zote, osha pipa kwa sabuni, lianike juani likauke, kisha lilaze ubavu na uzungushe kila gurudumu kwa mkono. Gurudumu likilia au kukwaruza likiwa hewani, ubovu uko kwenye ekseli, yaani kile chuma kinachoshika magurudumu. Likizunguka kimya, lakini pipa likanguruma mara tu linapopita juu ya pevingi, ubovu ni ugumu wa gurudumu lenyewe: plastiki ngumu hugonga kila mwanya ulio kati ya tofali na tofali, na mtikisiko huo hupanda hadi kwenye kuta za pipa, ambalo likiwa tupu hukuza sauti kama ngoma. Ndiyo maana pipa hupiga kelele zaidi wakati wa kurudishwa ndani kuliko wakati wa kupelekwa nje likiwa limejaa. Watu wengi humimina mafuta katika hali zote mbili, ilhali katika hii ya pili mafuta hayasaidii chochote.

Kwa ubovu wa ekseli, chomoa gurudumu kwa kuondoa pini au kikofia cha chuma kilicho mwishoni mwa ekseli. Kikofia hicho mara nyingi huharibika kinapobanduliwa kwa bisibisi, kwa hiyo ni vema uwe na kingine kabla hujaanza. Sugua kutu kwa brashi ya waya na kumalizia kwa msasa, hasa kwa wakazi wa Kunduchi, Mbezi Beach na Kigamboni, ambako hewa ya chumvi hula chuma haraka. Futa mchanga wote kwenye tundu la gurudumu, kisha paka grisi ya kawaida ya magari, safu nyembamba tu. Mafuta ya kula huganda na kunasa vumbi, na mafuta mepesi ya cherehani huoshwa na mvua za masika. Oili chafu ya gereji isitumike kabisa, kwa sababu hudondoka kwenye pevingi na kusombwa na maji ya mvua hadi kwenye mitaro na mito kama Msimbazi. Ikiwa gurudumu linacheza kwenda kando, kata washa, yaani kipande bapa cha duara chenye tundu katikati, kutoka kwenye plastiki ya dumu kuukuu, uivalishe kwenye ekseli kila upande wa gurudumu, ukiacha nafasi ndogo ili lizunguke bila kubanwa.

Kwa ugumu wa gurudumu, dawa ni kulivika mpira, na kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote. Nenda kwa fundi wa pancha uombe tyubu kuukuu ya gari kubwa. Pima mzunguko wa gurudumu kwa uzi: gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 20 lina mzunguko wa karibu sentimita 63, hivyo tyubu iliyolazwa bapa ikiwa na upana wa sentimita 25 hivi itavutika na kubana vizuri, wakati iliyo pana zaidi ya sentimita 31 italegea na kuchomoka. Kata tyubu kwa kukingama ili upate pete, upana wake uzidi ule wa gurudumu kwa sentimita moja kila upande. Kingo hizo zitajikunja kwa ndani na kuizuia pete isiteleze. Ivute pete polepole huku mtu mwingine ameshikilia gurudumu. Pete mbili, moja juu ya nyingine, hutuliza sauti zaidi, lakini hakikisha kwanza kwamba gurudumu halitakwaruza mwili wa pipa.

Kifuniko nacho hupigapiga. Bandika vipande vya tyubu iliyobaki chini ya ukingo wake, sehemu tatu au nne.

Gurudumu lililopasuka, au ambalo tundu lake limelika kiasi cha kuyumba hata baada ya kuwekewa washa, halifai kufunikwa kwa mpira, libadilishe. Unapokwenda Kariakoo au Gerezani kutafuta lingine, beba gurudumu la zamani pamoja na kipimo cha unene wa ekseli, na uchague lenye tairi la mpira mzima lisilojazwa upepo. Badilisha yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa magurudumu yasiyolingana kimo hulifanya pipa liende upande.