Kuandika riwaya ya upelelezi yenye majini ukiwa Kigoma: anza na masharti

Kila baada ya muda kuna kijana ananifuata, kaka mi nataka niwe mwandishi wa riwaya za upelelezi zile zenye mambo ya ajabu ajabu, nianzie wapi, nihamie Dar? Usihame mdogo wangu. Kaa hapo hapo Mwanga au Ujiji, nunua kaunta buku moja na kalamu mbili, uanze.

Kabla hujampa hata jina stelingi wako, andika masharti. Nasema masharti kama yale ya mganga, maana mganga hakupi dawa tupu hata siku moja, atakwambia usigeuke nyuma, usimsalimie mtu njiani, usile kitu fulani mpaka siku saba ziishe. Jini wako naye awe hivyo hivyo, anaweza nini, hawezi nini, na akimsaidia mtu anachukua nini. Mimi masharti ya jini wangu niliyaandika ndani ya jalada la daftari: havuki mto, hasemi uongo ila anaweza kukaa kimya, na kila akitumwa yule aliyemtuma anasahau jina la mtu mmoja anayempenda. Matatu tu, na hilo la tatu ndo lilinipa muuaji, kwa sababu mpelelezi alikuja kugundua kuna baba pale nyumbani anamwita binti yake "wewe" kila siku.

Na masharti yatajwe mapema, kabla ya maiti ya pili. Upelelezi ni mchezo wa haki kati yako na msomaji, sasa ukifika sura ya 20 jini anapenya ukuta na hukuwahi kusema kama anapenya kuta, msomaji anaona umemdhulumu na ni kweli umemdhulumu. Ramli pia hivyo hivyo, iache impoteze mpelelezi ukitaka lakini isije ikamtajia muuaji.

Alafu dalili zako zitoe kwenye vitu unavyovijua wewe. Chukua dagaa. Dagaa wa ziwa letu Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai sa hivi za sola na betri, taa inawaita waje juu wanachotwa, kwahiyo mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi na wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Sasa mfanyabiashara kakutwa amekufa mwaloni Katonga, shemeji yake anaapa usiku huo alikuwa ziwani anavua dagaa na wenzake. Kurasa tatu nyuma ulishaandika kwamba bibi alitoka kwenda chooni bila tochi, uwanja mweupe kama mchana. Umemaliza, hujasema kitu kingine. Msomaji wa Kibirizi, anayekaa na wavuvi, atashtuka hapo hapo, wa Dodoma atashtuka baadae mpelelezi atakapowakuta wavuvi wamekaa nchi kavu wanashona nyavu, na wote wawili umewatendea haki.

Au ile meli yetu ya ziwani, Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, injini wakazipaka grisi zisioze, Waingereza wakaja kuiibua 1924 na 1927 ikaanza kazi tena. Injini zilizozamishwa zikaja kufanya kazi tena! Kama huoni riwaya hapo sijui nikwambie nini, mi nimeshaanza yangu na wewe anza yako, hazitafanana.

Jambo moja nakuomba kabisa, usimfanye bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa ndo mchawi. Macho mekundu ni moshi wa kuni wa miaka na miaka. Huku kwetu na huko Tabora na Shinyanga kuna bibi zetu wameuawa kwa maneno kama hayo, na riwaya inasomwa na watu wenye majirani. Tafuta mchawi mwingine.

Kuandika kwenyewe ni ukurasa mmoja kwa siku, maneno kama 300, siku 200 una maneno 60,000 na hiyo ni riwaya. Ila usianze kurusha sehemu kwenye grupu la WhatsApp kabla hujaimaliza yote! Mimi nilirusha, nikafika sehemu ya 27 nikagundua muuaji wangu kwenye sehemu ya 3 nilishasema usiku ule wa mauaji alikuwa Kasulu msibani, na watu walishaisoma, siwezi kuifuta vichwani mwao. Niliunga unga na wasomaji wakaondoka, iliniuma sana. Maliza, rudi nyuma panda dalili, ndo urushe tano za bure, zilizobaki walipie kwa simu.

Ukitaka kitabu cha karatasi, namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na kazi isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, upate ushahidi kwamba ni yako. Kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere na ile ya Safal-Cornell, zote zinapokea riwaya za Kiswahili, fuatilia matangazo yao usome masharti neno kwa neno.

Na usimwachie mtu faili. Kuna stationery niliwaachia wanitolee nakala kumi, baada ya muda nikaiona hadithi yangu inauzwa na jalada jingine, jina jingine. Sa hivi nasimama pale pale mashine ikitoa karatasi, tukimaliza nafuta mwenyewe kwenye kompyuta yao, nachomoa flashi, naondoka nayo mfukoni.