Kuweka muziki kwenye filamu ya Kilwa Kisiwani

Ukiletewa filamu ya historia ya Kilwa, usikimbilie kinanda. Omba picha zilizokwisha kuhaririwa, zitazame bila sauti, uandike pembeni sehemu ambazo msimulizi ananyamaza. Hapo ndipo pako. Kwingine kote wewe ni mgeni.

Kisha angalia miaka. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331, Wareno wakauvamia mji 1505. Taarab ilishika Zanzibar karne ya 19, kwa hiyo kupiga ganuni, kinanda cha nyuzi cha taarab, kwenye enzi za biashara ya dhahabu ya Sofala (Msumbiji ya leo) iliyoitajirisha Kilwa ni kumpeleka babu harusini kwa bodaboda. Mimi hutumia zumari, matari na ngoma. Huku Mtwara wapigaji wa sindimba, ngoma ya Wamakonde, wapo tele, ila usiwaite kwa sababu tu wako jirani.

Zumari ni kali. Ukiweka maiki mbele ya mdomo wake, inapasua. Iweke kando, umbali wa mita moja hivi, chumba kiwe na magodoro ukutani. Rekodi kwa kilohezi 48, kiwango cha video. Kwenye picha za Husuni Kubwa, magofu ya kasri la Kilwa, noti moja ndefu inatosha. Iache izimike yenyewe.

Msimulizi akianza, shusha muziki, halafu punguza masafa ya kilohezi 1 hadi 4, maana ndiko maneno yanakoeleweka. Sikiliza pia kwa spika ya simu.

Wareno wakitokea, mwongozaji ataomba ngoma za vita. Mpe kwanza mawimbi matupu, kisha tari moja. Akikataa, ongeza ngoma; filamu ni yake.