Somo: Kuifufua baiskeli ya babu bila kuipoteza sura yake

Hapa Malindi baiskeli kongwe hazijaisha. Nyingi zimeegemezwa ukutani uani, tairi zimelala, cheni imeshikana kwa kutu, na mwenyewe anangoja apate pesa aipeleke ikapulizwe rangi mpya. Hiyo rangi mpya ndiyo ninayotaka tuiache. Somo ni la baiskeli za Raleigh za breki za fito (zinazovutwa kwa vyuma vyembamba badala ya waya), zile za Nottingham, Uingereza, lakini mwenye Black Mamba ya India au ya Uchina atafaidika vilevile.

Kanuni yangu ni hii: kinachokubeba na kinachokusimamisha, ukikitilia shaka kibadilishe. Kinachotazamwa tu, kisafishe ukiache.

Kwanza, picha na alama

Kabla spana haijagusa nati, piga picha kila upande, hasa njia zinamopita fito za breki. Utazihitaji. Kama habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ni ya kampuni ya Sturmey-Archer, ya gia tatu, futa uchafu wa juu usome: "AW 58 3" maana yake ilitengenezwa Machi 1958. Ubishi wa nyumbani kuhusu babu aliinunua lini utapungua. Angalau hakuinunua kabla ya hapo, kama habu haikubadilishwa.

Pili, kufungua

Pedali ya kushoto hufunguka kinyume cha ulivyozoea: zungusha kuelekea kulia. Kazi yenyewe iko kwenye kota pini, vile vipini vya chuma vinavyoshika krenki (mikono ya pedali) kwenye ekseli yake. Tia mafuta ya kulegeza kutu, ulale. Asubuhi rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha ya pini, egemeza krenki juu ya kipande cha bomba la chuma pini ipate pa kutokea, kisha piga pigo moja zito. Vipigo vidogo vidogo huifanya pini ivimbe kichwa, na hapo umejiletea kazi ya kutoboa. Dukani nenda na pini ya zamani mkononi, kwani ziko za milimita 9 na za 9.5, na kwa macho hutazitofautisha.

Vikombe vya krenki, vinamokaa gololi, usivitupe ovyo. Raleigh walikuwa na hesi (mikato ya skrubu) zao wenyewe, 26 kwa inchi, na vya kawaida vyenye 24 haviingii. Gololi ndizo za kubadilisha zote bila huruma: robo inchi, 11 kila upande. Usichanganye mpya na kuukuu. Grisi ninayoipenda ni ile ya mashine za boti, ipo kwa wauza vifaa vya uvuvi. Iliundwa ivumilie maji ya chumvi, na hewa yetu ni chumvi tupu.

Tatu, rangi na kromu

Hapa mikono ipunguze kasi. Maji, sabuni laini na kitambaa cha pamba vinatosha kwa fremu. Maandishi ya dhahabu na vile vistari vyembamba vya kwenye madigadi usivisugue kabisa, wala usivipake mafuta ya taa: vikitoka, vimetoka. Palipobaki chuma kitupu, ondoa kutu iliyolegea, paka nta.

Kwa kromu, chukua foili ya jikoni, ikunje, ichovye majini, usugue taratibu. Foili ni laini kuliko kromu, haitaikwaruza. Nati na vyuma vidogo visivyo na rangi nilivilaza kwenye maji ya ndimu, nikavisuuza kwa maji ya magadi, nikavikausha juani na kuvipaka mafuta papo hapo. Ukichelewa, kutu inarudi kabla ya adhuhuri.

Keria ya baiskeli yetu ina kovu la kuchomelea, nene, limepinda, kazi ya fundi asiyejulikana tena. Ndiyo iliyobeba vikapu vya samaki kutoka ufukweni. Kuna aliyenishauri nilisage liwe laini. Nimeliacha.

Nne, breki na tairi

Breki za fito huvuta mpira juu, ukabana rimu kwa ndani, kwa hiyo rimu yake ina umbo lake. Tairi ni 28 x 1½. Ubavuni tafuta 635, kipenyo cha rimu kwa milimita. Ukiuziwa yenye 622, mrudishie. Mipira ya breki na tyubu, nunua mpya.

MASWALI YA WANACHAMA

*Swali, kutoka Amu:* Assalaam aleikum fundi. Ya marehemu baba ilikaa karibu na bahari, imetoboka chini ya krenki. Nichomelee?

*Jibu:* Waaleikum salaam, na Mungu amrehemu mzee. Gonga fremu yote kwa mpini wa bisibisi. Palipo pazima patalia, palipooza patajibu kizito. Tundu moja dogo, fundi stadi wa fremu ataliziba. Lakini foki ikiwa imeliwa, usiichomelee wala usiipande. Tafuta foki nyingine, ile ya baba iweke ndani.

*Swali:* Kiti cha ngozi kimekauka kama mbao. Nipake mafuta ya nazi?

*Jibu:* Hapana, dada yangu. Mafuta ya nazi huilegeza ngozi mpaka ikabonyea kama machela. Tumia nta ya nyuki au dawa ya ngozi za viti, kidogo, na upake upande wa chini pia. Nati ya mbele ya kukazia, robo mzunguko tu.

*Swali:* Gia ya pili inateleza, pedali inazunguka bure.

*Jibu:* Mara nyingi ni waya, habu haina kosa. Weka gia ya pili, chungulia tundu la nati ya kulia: bega la kile kijiti cha mnyororo mdogo liwe sawa na ncha ya ekseli. Kisha matone machache ya mafuta mepesi kwenye kitundu cha habu. Usitie grisi humo.

*Swali:* Na kusi likianza kuvuma, tuifunike nailoni?

*Jibu:* Nailoni hufungia unyevu ndani. Ifute kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, ikaushe, pitisha mafuta ya cherehani kwenye kromu na cheni, funika kwa shuka kuukuu. Na uipande hata mpaka sokoni tu, gololi zizunguke.