Mchoro wa Urembo wa Chuma Usomwe Kuanzia Kwenye Maungio

Mimi ni fundi wa vyuma. Nikiwekewa mchoro wa geti au wa reli ya ngazi, maua nayaacha kwanza. Natafuta pale chuma kinapokutana na chuma, maana mchoraji anayeijua kazi hafichi maungio.

Tafuta mahali mikunjo miwili, yaani vyuma vilivyopindwa kama gamba la konokono, imegusana mgongo kwa mgongo. Ukiona mkanda mdogo umeizunguka, hiyo ni bangili: kipande kinachokunjwa kikiwa chekundu kwa moto, kisha kikipoa kinasinyaa na kubana. Hapo hakuna kulehemu. Bangili iliyochorwa vizuri huonyesha unene wake, na upande wa chini ina mstari mwembamba wa kivuli. Sasa fuata mkunjo wenyewe, taratibu, kutoka kwenye bangili hadi nchani. Chuma kilichofuliwa kwa nyundo hukonda kidogo kidogo, na nafasi kati ya mzunguko na mzunguko hupungua bila kuruka. Mchoraji akiteleza hapo jicho linakwama, hata la mtu asiyewahi kushika koleo. Mkunjo mmoja tu waweza kunishika muda mrefu, na naona ni haki yake.

Chuma cha kusubu kina tabia nyingine. Kwa kuwa kimeyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, jani huchomoza moja kwa moja kwenye nguzo bila bangili wala ribiti, ile pini ya kuunganishia vyuma, pembe za ndani zimelainishwa, na pambo lilelile hujirudia bila tofauti. Milango ya vituo vya Metro ya Paris aliyoibuni Hector Guimard, iliyoanza kusimama mwaka 1900, ni ya kusubu. Mageti ya fundi chuma Jean Lamour kule Nancy, Ufaransa, ya karne ya 18, yamefuliwa. Weka michoro ya kazi hizo mbili kwenye meza moja uyalinganishe maungio.

Mikato nayo usiiruke, vile vipande vya pembeni vilivyotiwa mistari ya mshazari, vinavyoonyesha chuma kana kwamba kimekatwa ukione kwa ndani. Kwa mbele, nondo ya duara na ya mraba zote ni mistari miwili sambamba. Mkato ndio unaozitofautisha.

Kisha geuza karatasi juu chini. Maua yanaacha kuwa maua, unabaki na matundu. Ukikuta tundu moja limemzidi mwenzake bila sababu, kagua maungio ya jirani: mara nyingi ndipo mchoraji alipobanwa.