Una minyoo na unanyonyesha? Fanya hivi

Mimi ni nesi, na swali nalopata sana toka kwa waliojifungua juzi juzi ni hili: nimekutwa na minyoo, mtoto nimwachishe ziwa? Hapana mama, usimwachishe.

Hatua ya 1: pima choo. Usiende duka la dawa ukasema tu "nipe za minyoo", maana inaweza kuwa safura, inaweza kuwa giadia, kijidudu cha kuharisha ambacho wala si mnyoo na dawa yake ni nyingine kabisa. Kopo liwe safi na mkojo usiingie. Kama unachoka hovyo omba wapime na wingi wa damu, safura inanyonya damu na wewe umetoka kupoteza nyingine leba.

Hatua ya 2: sema unanyonyesha, taja na umri wa mtoto. Sema pia kama unaweza kuwa na mimba, kwa sababu mimba inaingia hata kabla hedhi haijarudi, na miezi 3 ya kwanza ya mimba hizi dawa za minyoo huwa hatutoi.

Hatua ya 3: dawa. Kwa safura na minyoo ya kawaida ni albendazoli miligramu 400 mara moja basi, au mebendazoli 500. Zinabaki zaidi tumboni, kwenye maziwa kinafika kidogo sana, kwa hiyo meza na uendelee kunyonyesha, hakuna cha kukamua na kumwaga.

Giadia ndo ina mambo. Dawa yake, metronidazoli, inapita kwenye maziwa. Ukipewa dozi ya kugawa mara 3 kwa siku unanyonyesha tu, mtoto anaweza kuharisha kidogo au kuota utando mweupe mdomoni, ukiona hivyo mrudishe aonwe. Ila ukipewa gramu 2 kwa mkupuo, kamua ya akiba mapema, nyonyesha, ndo umeze, halafu usinyonyeshe kwa muda wa saa 12 hadi 24, na utakayokamua humo ndani mwaga. Tinidazoli, dawa nyingine ya giadia, unaacha kunyonyesha hadi siku 3 baada ya kuimeza, mi ningeuliza kama kuna nyingine.

Hatua ya 4: mikono kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kumshika mtoto, kucha fupi. Minyoo hii mtoto mara nyingi anaipata kwa uchafu, hiyo titi mnaisingizia bure.

Na tafadhali usimgawie kichanga kidonge chako, chini ya mwaka 1 hapewi bila daktari.