Namna ya Kubonyeza Mkono ili Kupunguza Maumivu na Hofu ya Sindano

Mtoto anayeletwa kliniki katika vijiji vya Chamwino mara nyingi huanza kulia kabla hajaiona sindano. Kwanza huvuliwa nguo na kutundikwa kwenye mizani ya kuning'inia, miguu ikielea hewani huku watu asiowajua wakimtazama, na anapofikishwa kwenye kiti cha chanjo mwili wake umekwisha kukaza kama ngozi ya ngoma iliyowambwa juani. Msuli uliokaza huuma zaidi unapochomwa kuliko msuli uliolegea, na hofu humwongezea uchungu kila mtu, awe mchanga au mzee. Ndiyo maana maelekezo yafuatayo yanaanzia kwenye benchi la kusubiria, kwa sababu mgonjwa ambaye tayari anapiga kelele hawezi tena kufaidi sana kidole kinachombonyeza mkono.

Akupresha ni ufundi wenye asili ya China wa kubonyeza kwa kidole sehemu maalumu za mwili. Wazee wa ufundi huo walieleza kwamba mwilini zimo njia zinazopitisha nguvu ya uhai, na kwamba sehemu hizo ni kama milango ya njia hizo. Msomaji hahitaji kuyakubali maelezo hayo ili anufaike. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango la maumivu, inayosema kwamba katika uti wa mgongo taarifa za mguso na mbano, ambazo husafiri kwa kasi kwenye nyuzi nene za neva, huweza kuzipunguza nguvu taarifa za uchungu zinazokuja kwa nyuzi nyembamba kabla hazijafika kwenye ubongo. Jambo hili sote tunalitenda bila kufundishwa: anayejikwaa kwenye jiwe huinama akakibana kidole chake cha mguu. Tafiti zilizopima akupresha kwa watu wanaochomwa sindano au kutolewa damu ni ndogo, na nyingi zimeonyesha nafuu ya kiasi. Nami katika chumba cha sindano nimeiona nafuu hiyo, lakini nimeiona pia ikishindwa, hasa ilipoanzishwa kwa pupa.

Sehemu ya kujifunza kwanza ni ile iliyo mgongoni mwa mkono, kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Mwombe mgonjwa alaze kidole gumba kando ya kidole cha shahada hadi vigusane. Hapo utaona kinundu cha nyama kikiinuka. Weka ncha ya kidole gumba chako juu kabisa ya kinundu hicho, mwambie alegeze mkono, kisha kidole chako cha shahada kiweke upande wa kiganja ili nyama ikae katikati ya vidole vyako viwili. Sasa bonyeza ukielekeza nguvu kwenye mfupa unaokwenda kwenye kidole chake cha shahada. Ukiwa mahali penyewe, mgonjwa atakuambia anahisi uzito au mchonyoto butu unaosambaa kidogo. Ukiwa pembeni, atahisi ngozi tu inavutwa. Tumia mkono usiochomwa. Anza dakika mbili au tatu kabla ya zamu yake, ukibonyeza wakati anapotoa pumzi na kulegeza kidogo wakati anapovuta, kisha sindano inapoingia usilegeze kabisa mpaka itoke.

Kiasi cha nguvu ndicho kinachowashinda wengi. Baba mmoja, mkulima wa zabibu kutoka Hombolo, alimleta mwanawe wa miaka tisa, nami nikamwonyesha namna ya kumshika. Vidole vyake vilikuwa vimekomaa kwa kupogoa mizabibu, na mtoto akatoa yowe kabla sijafungua hata kichupa cha dawa. Nikamwomba anibonyeze mimi kwanza. Nilipomwambia, "Baba, shika kama unavyoshika zabibu kuangalia kama imeiva, ila usiipasue," alicheka, akaelewa, na mtoto akatulia. Kwa mtu mzima nguvu inayofaa ni ile inayoufanya ukucha wako upauke kidogo. Kwa mtoto iwe nusu ya hapo. Kucha ziwe fupi. Na kwa kuwa asubuhi za mwezi wa sita na wa saba hapa Dodoma zina baridi na upepo mkali, sugua viganja vyako mpaka vipate joto kabla ya kumgusa mtu, maana mkono wa baridi humfanya ajikunje.

Sehemu ya pili iko ndani ya mkono, juu kidogo ya kifundo, na inamfaa hasa yule ambaye hofu humletea kichefuchefu na jasho jembamba. Tafuta mkunjo ulio pale kiganja kinapoungana na mkono, kisha pima upana wa vidole vitatu kuelekea kwenye kiwiko. Vidole vya kupimia viwe vya mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa vidole vyako vitatu kwenye mkono wa mtoto vitakupeleka mbali mno. Mwambie akunje ngumi kidogo, nawe utahisi kano mbili zimesimama kama kamba. Sehemu yenyewe iko kwenye mfereji ulio kati yake. Hapa bonyeza taratibu zaidi kuliko kwenye nyama ya gumba. Iko nyingine katikati ya nyusi, ambayo huguswa kwa ncha ya kidole na kuzungushwa polepole bila kukandamiza. Mama anayempakata mtoto anaweza kuifikia kwa urahisi, naye mtoto hufumba macho, jambo ambalo peke yake linasaidia.

Maneno yanayosemwa wakati wa kubonyeza yana uzito sawa na kidole. Katika nyumba zetu nyingi sindano imefanywa fimbo: "Ukilia, nesi atakuchoma sindano." Mtoto aliyelelewa na kitisho hicho hawezi kukutana na koti jeupe akaona rafiki, na ninawasihi wazazi, walezi na hata walimu wakiache kabisa. Vilevile usiseme, "Haitauma." Nilikuwa nikilisema neno hilo miaka yangu ya mwanzo kazini, nikidhani ni huruma, mpaka binti mmoja mdogo aliporudi kwa sindano ya pili akanitazama usoni na kuniambia, "Ulinidanganya." Sema ukweli kwa sentensi fupi: "Utahisi nimekubana hapa, halafu kitu kitakuchoma kidogo, halafu tumemaliza." Hata neno "pole", ambalo ni zuri na letu, lina mahali pake. Likisemwa kabla ya sindano humtangazia mtoto kwamba linakuja jambo baya. Lihifadhi mpaka sindano itoke.

Kwa wazee, heshima hutangulia kidole. Bibi aliyetoka kijijini usimshike mkono ghafla kwa sababu tu umejifunza ufundi. Msalimie shikamoo, au "mbukwenyi" kama ni Mgogo nawe unaijua salamu hiyo, mweleze unachotaka kufanya, kisha sema, "Bibi, naomba mkono wako." Wapo watakaokataa, na hilo ni haki yao. Watu wengine hupenda kujibonyeza wenyewe, na kwa mtu mzima anayejichoma dawa ya kisukari au anayekuja kila miezi 3 kwa sindano ya uzazi wa mpango, kujifunza kujibonyeza kunafaa zaidi, ili mradi awe amekwisha kujibonyeza kabla, kwani mikono yote miwili haitakuwa huru wakati wa kuchomwa.

Wanaohitaji msaada huu kuliko wote, kwa maoni yangu, ni watoto wenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi. Hawa huchomwa benzathini penisilini, dawa ya kuzuia homa hiyo isirudi, kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, na dawa yenyewe ni nzito na inauma. Akichoka kuumia, mtoto huanza kukwepa tarehe, na kuikwepa huuweka moyo wake hatarini. Kwa sindano za namna hii kuna mbano mwingine ambao ni kazi ya mhudumu wa afya peke yake: kukandamiza kwa kidole gumba pale pale patakapochomwa kwa muda wa sekunde 10, kusafisha kwa spiriti, kuiacha spiriti ikauke kabisa kwa sababu ikiwa mbichi huwasha inapofuatana na sindano, kisha kuchoma na kuisukuma dawa polepole. Mzazi anaruhusiwa kumwomba mhudumu afanye hivyo, kwa upole na kabla dawa haijavutwa kwenye bomba la sindano, wakati yeye mwenyewe anaendelea kubana mkono wa mtoto.

Mtoto mchanga hana haja ya kutafutiwa sehemu za kubonyeza. Kwake dawa bora ni titi la mama, likianza dakika chache kabla ya chanjo na kuendelea wakati anachomwa na baada yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya kupunguza maumivu ya chanjo mwaka 2015, na kunyonyesha pamoja na kumpakata mtoto ni miongoni mwa hayo. Anapochanjwa sindano zaidi ya moja kwa siku hiyo hiyo, ile inayouma zaidi iwe ya mwisho. Mwache awe kifuani, amefunikwa kanga, paja tu likiwa wazi.

Yapo mambo ambayo hayavumilii uzembe. Mjamzito asibonyezwe ile nyama ya kidole gumba, kwa kuwa wenye ufundi huu tangu zamani huiepuka wakitahadhari isichochee uchungu wa uzazi. Kwake tumia ile ya ndani ya mkono. Usibonyeze penye jeraha, uvimbe, jipu, mfupa ulioteguka au mkono uliowekewa dripu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huvia damu kwa urahisi, kwa hiyo mguse kidogo sana au uache. Mtoto mwenye seli mundu ambaye yumo kwenye maumivu yake asibanwe popote bila ushauri wa daktari wake. Mgonjwa akisema anaona giza, masikio yanavuma au anajisikia baridi, hiyo ni dalili ya kuzimia: acha kubonyeza, mlaze chali, inua miguu yake, na umwite muuguzi. Wasichana wanaopangwa foleni shuleni kwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nchini kwetu ilianza kutolewa kitaifa mwaka 2018, ndio ninaowaona wakizimia mara kwa mara, hasa aliyekuja bila kunywa chai. Hao wachanjwe wakiwa wamekaa, na aliyewahi kuzimia achanjwe akiwa amelala.

Sindano ikitoka, endelea kushika mkono kwa pumzi tatu au nne, ukilegeza kidogo kidogo, ndipo useme ile "pole" uliyoihifadhi. Pale palipochomwa shikilia pamba tu. Watu wengi hupakanda na kupasugua wakiamini dawa itatawanyika, lakini kusugua hakupunguzi maumivu ya chanjo, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 haitakiwi kusuguliwa kabisa kwa kuwa imekusudiwa itoke kwenye msuli polepole. Kidonda cha chanjo ya kifua kikuu begani mwa mtoto nacho kisibanwe wala kupakwa kitu chochote. Kaeni kituoni dakika 15 mkimwangalia mgonjwa. Akitokwa na vipele ghafla, akivimba midomo au akipumua kwa shida, mrudisheni ndani mara moja bila kungoja foleni.

Kwa mtoto mwenye tarehe inayojirudia, fanyeni mazoezi nyumbani siku mbili tatu kabla, jioni baada ya chakula, mkibadilishana: yeye akubonyeze wewe, nawe umbonyeze yeye. Yule mtoto wa Hombolo sasa hukaa kwenye benchi akiwa amekwisha kukishika kile kinundu mwenyewe, na jina lake likiitwa humpa baba yake mkono huo, kisha hunigeuzia upande wa kuchoma.