Kupima ukuaji wa waogeleaji wadogo: mwongozo kwa makocha wa Kisumu na Nakuru

Kwa mtoto wa miaka 9 hadi 15, kasi ya kurefuka inamsaidia kocha kuliko asilimia ya mafuta mwilini. Anza na kimo, mafuta yatafuata.

Hatua ya 1: Ruhusa na umri. Pata idhini ya mzazi kwa maandishi. Tarehe ya kuzaliwa itoke kwenye cheti, usikisie kwa darasa. Wasichana wapimwe na mwanamke, mtu mzima wa pili akiwepo, na namba zisisomwe kwa sauti mbele ya wenzao.

Hatua ya 2: Kimo. Pima mwanzoni mwa kila muhula, saa ile ile, kabla ya mtoto kuingia majini. Kutwa nzima uti wa mgongo hubanwa na mtu hupungua karibu sentimita moja. Mtoto anayekua sentimita 5 kwa mwaka huongeza takriban 1.7 kwa miezi minne, kwa hiyo ukimpima asubuhi mwezi Januari na jioni mwezi Mei, zaidi ya nusu ya ukuaji wake itapotea kwenye daftari.

Usipimie kando ya bwawa: sakafu ile imeinamishwa ili maji yatiririke. Tafuta ukuta ulionyooka ndani ya ofisi, ubandike futikamba ya chuma (ya fundi wa nguo hurefuka ikizeeka). Mtoto asimame bila viatu, visigino, makalio na mgongo vikigusa ukuta, macho mbele, avute pumzi. Shusha kibao cha pembe mraba hadi kiguse utosi. Nywele zilizosukwa zikafungwa juu lazima zifunguliwe. Pima mara mbili. Zikipishana kwa zaidi ya sentimita 0.5, pima ya tatu na uchukue ya katikati.

Hatua ya 3: Uzito. Vazi kavu la kuogelea, baada ya kwenda haja, mizani juu ya sakafu ngumu. Basi.

Hatua ya 4: Mkunjo wa ngozi. Hapa ndipo wengi huharibu. Upande wa kulia, weka alama katikati ya ncha ya bega na kiwiko, nyuma ya mkono. Bana ngozi na mafuta kwa kidole gumba na cha shahada, sentimita moja juu ya alama, uyatenge na msuli. Weka koleo la kupimia unene wa mkunjo (caliper) kwenye alama, liachie libane, usome baada ya sekunde mbili. Ukichelewa, mafuta yanabonyea na namba inashuka. Rudia upande wa ndani wa shavu la mguu, mahali palipo panene zaidi. Ngozi iwe kavu, iliyolowa huteleza.

Jumlisha milimita za sehemu hizo mbili. Kanuni ya mtafiti Slaughter ya 1988 hukadiria asilimia ya mafuta mwilini: kwa msichana, zidisha jumla kwa 0.610 uongeze 5.1, kwa mvulana, zidisha kwa 0.735 uongeze 1.0. Msichana mwenye milimita 13 na 12 anapata asilimia 20.4. Kanuni hiyo ilitungwa kwa watoto wa Marekani na inaweza kukosea kwa pointi tatu au nne, kwa hiyo fuatilia milimita zenyewe na apime mtu yule yule kila mara.

Hatua ya 5: Kasi. Tofauti ya kimo, gawanya kwa siku zilizopita, zidisha kwa 365. Kutoka 146.2 hadi 150.4 kwa siku 181 ni sentimita 8.5 kwa mwaka: huyo yuko kwenye mruko wa balehe. Kwa wasichana kilele huja karibu miaka 12, wavulana 14, ingawa kupishana kwa mwaka mmoja au zaidi ni kawaida.

Katika miezi hiyo mikono na miguu hutangulia kiwiliwili, mpigo wa kuogelea huvurugika na muda wa mashindano unaweza kukwama. Punguza vibao vya kuogelea vinavyovaliwa mikononi, ongeza mazoezi ya ufundi, uliza kuhusu bega kila wiki. Msichana akiongeza mafuta wakati huu, usimkatie ugali. Ni balehe, na mafuta humsaidia kuelea. Anayepungua uzito huku akirefuka, au aliyekosa hedhi miezi mitatu mfululizo baada ya kuizoea, zungumza na mzazi ampeleke hospitali wiki hiyo hiyo.